Kipande cha Mkeka Jukwaani

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalianguka tangu alfajiri, na kila aliyeingia katika ukumbi mkuu wa muziki asubuhi ile aliacha alama za matope kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Mpiga fidla kubwa anaikumbuka siku hiyo vizuri. Watu wakimuuliza habari za ukumbi ule mashuhuri, hutarajia awasimulie taa, viti vyekundu na makofi. Yeye huwasimulia sakafu.

Fidla kubwa haishikwi begani. Mchezaji huketi akaikumbatia kwa magoti, nayo husimama juu ya mguu mmoja wa chuma wenye ncha. Mguu huo ukiteleza, muziki wote huteleza nao. Kwa sababu hiyo alikuwa na kipande cha mkeka, kilichokatwa kutoka ule aliokuwa akisalia marehemu mama yake. Alikitandika chini, akakikandamiza kwa miguu ya kiti, na ncha ya chuma ikakaa katika tundu ililolitoboa yenyewe kwa miaka kumi na tisa. Kingo zake zilikuwa zimechanika, na rangi ilikuwa imebaki jina tu.

Miaka hiyo yote aliketi kiti cha pili. Sasa mchezaji wa kwanza alikuwa amestaafu, na kiongozi wa okestra alimwambia waziwazi: akiipiga vizuri sehemu ya peke yake siku hiyo, mbele ya wasikilizaji, kiti cha kwanza ni chake. Akishindwa, atapewa mwingine.

Mazoezi ya asubuhi yalikwenda barabara. Yalipokwisha, mpiga tarumbeta alimsogelea akakitazama kile kipande cha mkeka.

"Haya, bwana mkubwa! Ukumbi kama huu, nawe umekuja na kifuta miguu?"

"Mwache," akadakia mwingine. "Huenda kunguni wa humo wanajua nota kutuzidi."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Mpiga fidla naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Mtunza ukumbi alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusaidia. "Mzee, usitie shaka," alisema. "Chumba cha wageni wa heshima kina zulia dogo. Nitakuazima mpaka onyesho liishe."

Akalileta. Lilikuwa la mahameli nyekundu, lenye matamvua ya dhahabu. Mpiga fidla alikikunja kipande chake cha mkeka haraka, kama anayeficha nguo yenye kiraka, akampa mkewe aliyekuwa ameketi pembeni.

"Kipeleke nyumbani, mama watoto."

"Niende nyumbani? Nimevaa viatu vya kunibana hivi kwa ajili yako, kisha unanifukuza?" Mkewe alilipapasa zulia kwa upande wa chini. "Na hili umelijaribu?"

"Zulia kama hili la kujaribiwa? Hebu litazame!"

"Nimelitazama, baba watoto. Nimeuliza kama umelijaribu."

 Mkewe akakitia kipande cha mkeka mkobani, akafunga zipu.

Adhuhuri wafanyakazi wa usafi waliosha matope yote, wakalisugua jukwaa kwa nta mpaka likang'aa kama kioo. Mpiga fidla hakuona. Alikuwa amepiga magoti katika chumba cha kubadilishia nguo, akimwomba Mungu mikono yake isitetemeke. Dua ilikubaliwa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Saa kumi jioni ukumbi ulijaa pomoni. Sauti za kwanza za fidla zilitoka nzito na tulivu, na waliokuwa wakikohoa wakasahau kukohoa. Ndipo alipohisi fidla ikimwondoka. Zulia lilikuwa dogo, halikufika kwenye miguu ya kiti, na chini yake palikuwa na nta. Lilikuwa likisafiri polepole kuelekea kwa kiongozi wa okestra. Alilivuta kwa kisigino. Likasafiri tena. Akalivuta tena. Mtu mmoja gizani akacheka puani.

Kisha kikaja kipindi ambacho okestra hupiga bila yeye, muda wa kumtosha mtu kutembea hatua kumi na kurudi. Katika safu ya tatu, mkewe alifungua mkoba, akakitoa kile kipande cha mkeka, akakiinua hadi kifuani. Mpiga fidla alimwona. Alimwona pia mpiga tarumbeta akimtazama. Akageuza macho, asiende kukichukua.

Aliporudia kupiga, kwenye sauti ya juu kabisa, zulia lilimchoropoka. Ncha ya chuma ilikwaruza ubao, uta wa kupigia ukalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, naye akaidaka fidla kabla haijaanguka. Zulia lilikwenda kusimama miguuni pa kiongozi. Kiongozi hakuliangalia, aliwaashiria wengine wamalizie.

Baada ya onyesho walikusanyika wote nyuma ya pazia.

"Kiti cha kwanza nitampa mwingine," alisema kiongozi. "Wewe nenda mstari wa nyuma."

"Ni haki," alijibu mpiga fidla.

Mpiga tarumbeta alikuwa akivitazama vifungo vya koti lake mwenyewe. "Ndugu yangu, mimi nilikuwa natania tu."

"Wewe ulitania. Mimi ndiye niliyeamini."

Mtunza ukumbi alipita kati yao akilipangusa zulia, akalirudisha katika chumba cha wageni wa heshima. Muda wake wa kuazimwa ulikuwa umekwisha.  Mke wa mpiga fidla alifungua mkoba, akampa mumewe kipande chake. Mpiga fidla akainama, akakitandika pale pale mbele ya viatu vya wenzake, akapitisha kidole katika lile tundu. Kisha akasimama, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokuwa wakikunja viti:

"Nyote ni mashahidi, na mke wangu ni shahidi, na Mungu ni shahidi. Popote nitakapokalishwa, mbele au nyuma, nitakitandika hiki peupe, na atakayecheka nitamwachia nafasi acheke. Naahidi sitakiacha tena. Usiache mbachao kwa msala upitao."