Koki ya Bafuni kwa Mzee Abdulkadiri

Mwiba ni kitu kidogo. Ukiung'oa mapema unausahau, lakini ukiuacha ukajifanya huoni, utakuja kukunyima usingizi na mguu wenyewe. Mzee Abdulkadiri alilijua hilo kuliko wengi, maana alikuwa ameuza koki na vifaa vya bomba Kariakoo kwa miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana kisa chake kinaudhi.

Binti yake, Husna, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza na, kama ilivyo desturi, alirudi kwa wazazi wake kumaliza arobaini. Kila siku mama yake, Bi Sabaha, alimkanda kwa maji ya moto. Maji hayo yalitoka kwenye hita iliyotundikwa ukutani bafuni, na koki ya chini ya hita, ile ya kumwagia maji ya ndani wakati wa kuisafisha, ilikuwa ikivuja.

"Baba Husna, leta koki mpya," Bi Sabaha alisema.

"Nitaleta kesho," mumewe alijibu. Akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akaizungushia koki na kukaza fundo. "Hapo haivuji tena."

Kesho ikazaa kesho. Dukani alimgombeza mteja aliyetaka kufunga mpira badala ya kununua koki, akamwita mzembe mbele za watu. Nyumbani akaongeza mpira wa pili. Bi Sabaha alikasirika hata akaacha kumpakulia chakula. Aliweka sufuria mezani, akaondoka zake. Hasira hiyo nayo mzee aliipuuza.

Siku ya kumi na tisa, Husna akiwa ameketi kwenye kigoda bafuni, koki iliyooza ilikatika. Maji ya moto yalifoka na kumbabua paja. Bi Sabaha alimvuta nje, naye akaungua mkono.

Walipotoka hospitali walimkuta Bi Maimuna, mama mkwe wa Husna, amekwisha kufika kutoka Upanga. Hata maji ya kunywa aliyakataa.

"Niliwaachia mzazi mumlee, mmemuunguza," alisema. "Namchukua nikamlee mwenyewe."

"Bi Maimuna, ni bahati mbaya tu," Mzee Abdulkadiri alisema.

"Usimsingizie Mungu," Bi Sabaha alimkatiza. "Mpira uliufunga wewe."

Husna hakumtazama baba yake. Alimfunika mtoto kwa kanga, akaingia kwenye bajaji akichechemea, majirani wakiwa wamejaa vibarazani. Kunyang'anywa mzazi katikati ya arobaini ni aibu kubwa, na mzee aliisikia mpaka kwenye mifupa.

Jioni hiyo alileta koki kutoka dukani kwake. Alizima umeme wa hita, akafunga maji, akayamwaga yaliyobaki, kisha akatoa kipande kilichokatika kwa spana. Akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za kukazia za koki mpya, akaikaza, akafungulia maji. Halikudondoka hata tone.

Bi Sabaha alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa bandeji.

"Hata nusu saa haikufika," alisema. "Siku kumi na tisa nimekuomba kazi ya nusu saa. Haya, maji ya moto yapo. Nimkande nani?"

Mzee Abdulkadiri aliweka spana chini, akaokota vipande vya mpira sakafuni. Mdharau mwiba mguu huota tende.