Kwa Nini Moto wa Jua Husokotwa kama Ngata

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Zamani, milima ya Upare ilikuwa na wahunzi wengi kuliko miti. Walichoma mkaa mpaka msitu ukaisha, wakaja kushtuka majembe wanayo, kuni hawana. Kipupwe kikaingia. Nakiete, mke wa mhunzi Senzota, alikuwa na mjukuu wa siku tisa, na miguu ya mtoto ilianza kupoa.

Nakiete akapanda kileleni kuliomba Jua. Jua likaahidi kumshushia makaa matatu, moja kila asubuhi, likamwonya kwamba moto ule ukigusa chochote utazimika.

Senzota hakulijali onyo mkewe alipomweleza. Mhunzi huamini chombo tu! Akafinyanga chungu kinene kuliko vyote. Kaa la kwanza likashuka, likagusa udongo, likazimika palepale. Majirani waliokimbia na mbuzi wao wakihofia kijiji kuungua wakarudi kimyakimya, kila mtu akijifanya alikwenda malishoni.

Nakiete akakumbuka yale mawe meusi ya sumaku, yavutayo nyundo bila kuigusa. Huenda yangeushikilia hata moto vivyo hivyo, bila kuugusa. Wakayapanga kuzunguka bomba la udongo. Kaa la pili likapita katikati likikwepa kuta, wakaanza kushangilia, kumbe bomba lina mwisho. Likachomoka huko, likagusa ardhi, likafa. Mtoto naye aliacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha bibi yake.

Nakiete akataka walikunje bomba liwe pete, lisiwe na mwisho. Senzota akatikisa kichwa: upande wa nje mawe yataachana, moto utaponyokea huko. Alikuwa mkaidi, lakini mjinga hakuwa.

Nakiete akajishika kichwa kwa uchungu, mkono ukaangukia ngata, ile pete ya majani ya kuwekea mtungi kichwani, aliyoisahau tangu alipotoka kisimani. Majani yale ukiyakunja tu, mtungi huyasukuma nje yakatawanyika. Ukiyasokota, ya nje huingia ndani na ya ndani hutoka nje, ngata ikakaa.

"Tuyasokote mawe," akasema.

Wakalikunja bomba liwe pete, wakayapanga mawe kwa msokoto kulizunguka lote. Kaa la tatu likashuka, likazunguka. Kila lilipoelemea nje, msokoto ukalirudisha ndani. Halikugusa ukuta. Joto likajaa nyumba, na Nakiete akampakata mjukuu, akasubiri, hathubutu hata kumtazama mumewe. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio cha njaa na hasira.

"Mnyonyeshe," Nakiete akamwambia mkwewe, mama wa mtoto. Akaketi chini palepale, akacheka huku machozi yanamtoka.

Na tangu siku hiyo, wanasayansi wanaotaka kuliwasha jua hapa duniani hawaliweki chunguni. Huliweka ndani ya pete ya sumaku, likizunguka kwa msokoto lisiguse ukuta. Na likigusa, msikimbie na mbuzi wenu. Huzimika tu, nao wakasokota upya.