Ptuu ya Somoe

Hapo zamani, watu wa Lindi hawakuwa na neno la kuonyesha kinyaa. Chakula kibaya walikimeza, kitu kinachonuka walikipita kimya, wakidhani ndiyo adabu.

Wakati huo aliishi Somoe, mke kijana mwenye haya. Desturi ilimkataza kutoa sauti yoyote mbele ya mama mkwe wake, Binti Likwata, mpaka azae mtoto wa pili. Naye alikuwa na mmoja tu, Mfaume, aliyeota meno mawili. Basi alijibu kwa kichwa na kwa mikono, na nyumba ilikuwa na amani.

Shambani mwao mihogo mitamu ilipandwa katikati. Ile michungu ilizunguka pembeni ili nguruwe waonje na kurudi porini. Hiyo michungu huliwa baada ya kulowekwa siku tatu na kuanikwa. Ikichemshwa mbichi, inaua.

Mwaka ule macho ya Binti Likwata yalikuwa yameanza kufifia, lakini hakupenda kusaidiwa. Siku moja alichimba mwenyewe, akachemsha, akawaita mkekani. Kama ilivyokuwa kawaida, alimpakata mjukuu, akampa Somoe kipande, kisha akaanza kumpondea mtoto kwa vidole.

Somoe alitafuna. Uchungu ukamshika ulimi wote. Akauona mkono wa bibi ukielekea kinywani mwa Mfaume. Kusema hakuruhusiwa, kumpokonya mtoto asingeweza kuwahi. Mwili wake ukaamua wenyewe.

"Ptuu!"

Kipande kikaangukia miguuni pa mama mkwe. Mkono ukasimama hewani.

"Somoe," alisema Binti Likwata, "unanitemea chakula changu?"

Somoe alikuwa akilia. Alinyoosha kidole kwenye bakuli, kisha akagusa ulimi wake. Bibi akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Ptuu!" akatema naye. Akamkumbatia mtoto kifuani. "Nilichimba pembeni," alisema. "Sioni tena, mwanangu, na nilikuficha. Kesho twende wote shambani. Na sauti hiyo usiizuie tena, hata mbele yangu."

Na tangu siku hiyo, mtu akikutana na kitu cha kuchukiza hutema "Ptuu!" bila kuomba ruhusa, hata bibi harusi mbele ya wakwe. Wala hakuna anayemwambia kwamba hana adabu.