Winga wa Punje Nne

Sogeeni karibu. Mwenye neno la kunikatiza alimeze kwanza, atalitapika mwishoni nitakapowauliza. Nina watu watatu hapa na kiti kimoja, na tangu msimu ule uishe sijapata mtu wa kunipa jibu nikatulia nalo.

Kwetu Tukuyu, ambako mvua ikikosa siku mbili watu huanza kuulizana kulikoni, kulikuwa na banda umiza la bwana mmoja aitwaye Mwasaga. Banda umiza mnalijua: televisheni moja, watu sitini, na mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo. Mechi ni dakika tisini, maumivu ya kiuno ni wiki nzima. Lakini mbele kabisa ya mabenchi yale palikuwa na kochi, kochi la kweli, lenye mikono na mto wa kijani. Na kochi hilo halikukaliwa kwa umri wala kwa kuwahi. Lilikaliwa kwa maharage.

Ilikuwa hivi. Kila mwanzo wa ligi ya wilaya, Mwasaga aligawa karatasi ishirini, na kwa kila karatasi punje mia za maharage. Kwa punje hizo unajinunulia wachezaji kumi na mmoja wa timu zozote za ligi, majina yao yanabandikwa ukutani. Mfungaji bora huuzwa punje ishirini na tano. Kipa wa timu ya mkiani unampata kwa mbili. Mchezaji wako akifunga, pointi tano. Akitoa pasi ya bao, pointi tatu. Atakayeongoza mwisho wa msimu anakalia kochi mwaka mzima, na mechi ikiisha yeye ndiye anaongea wa kwanza, na hakuna wa kumkatiza. Atakayekuwa wa mwisho anabeba mabenchi kuyatoa nje kila banda linapofagiliwa.

Sasa wajueni watu wangu.

Wa kwanza ni Subilaga, fundi cherehani, ambaye wote walimwita Mama Kissa. Kipaji chake kilikuwa masikio. Mtu akisimama kupimwa nguo huongea, na Subilaga, na pini zake mdomoni, hakuwahi kumkatiza mtu. Mto wa kijani wa lile kochi aliushona yeye, mwaka ambao mumewe alishinda. Mumewe aliukalia miezi minne tu, akafariki. Zamani alikuwa akirudi nyumbani kumsimulia mkewe mabao. Alipoondoka hakukuwa na wa kumsimulia, ndipo Subilaga akaanza kwenda bandani mwenyewe. Aliketi juu ya kreti la soda karibu na mlango, mwanamke peke yake, na kila alipofungua kinywa kuhusu mpira kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Mama Kissa, hebu kashone." Alilitaka lile kochi. Alilitaka mpaka likamuuma.

Wa pili ni Mzee Ambokile, mchora chokaa wa uwanja wa wilaya. Kipaji chake kilikuwa macho. Kwa miaka kumi na tisa alichora mistari kabla ya mechi na kuikagua baada ya mechi, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kuinama. Kwenye benchi alikaa mguu mmoja mbele, mmoja pembeni, akihema.

Wa tatu ni Lwitiko, mvundika ndizi. Anachimba shimo, anapanga ndizi mbichi, anafukia, anangoja. Kipaji chake kilikuwa hicho hicho, kungoja. Misimu mitatu mfululizo alikuwa wa mwisho, akabeba mabenchi misimu yote mitatu, watu wakimwambia, "Lwitiko, beba vizuri, umeshazoea."

Siku ya kugawa karatasi mvua ilinyesha kama kawaida, na hawa watatu wakafika wamechelewa, pamoja, wamelowa, ikiwa imebaki karatasi moja, ya ishirini.

"Shirikianeni," Mwasaga akasema. "Jambo likitakiwa kuamuliwa, saini mbili kati ya tatu zinatosha."

"Na tukishinda?" Subilaga akauliza. "Kochi si la mtu mmoja?"

Banda zima likacheka. Nani alidhani watashinda? Mwasaga mwenyewe akacheka, na swali lile likaachwa pale pale lilipoangukia. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ndugu zangu.

Timu ya kwetu iliitwa Majani Mabichi, kwa sababu ya chai. Misimu miwili ilichezeshwa mpira wa katikati tu: kila pasi kwa mshambuliaji wa kati, afunge au akose, lakini apewe yeye. Ndiyo maana mshambuliaji yule alikuwa wa punje ishirini na tano na kila mtu alimkimbilia. Mwaka huo klabu ikaleta kocha msaidizi wa kuwafundisha washambuliaji, mtu wa Tanga, Shemdoe jina lake, na kitu cha kwanza alichokihitaji huku kwetu hakikuwa mpira bali koti.

Akaenda kwa Subilaga, anatetemeka. Wakati anapimwa mabega akamwaga vifungo mezani, akaanza kuvipanga.

"Fundi, tazama. Hapa katikati wamejazana wote, mabeki wanawangoja hapo hapo. Mimi mpira nautoa huku." Akasukuma kifungo kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Huyu wa pembeni kulia ndiye atakayelisha wote. Mfungaji wao wa zamani atanichukia, lakini ndivyo."

Subilaga akaandika vipimo vyake. Alimaliza kupima, akaenda moja kwa moja kwa wenzake. "Msimnunue mshambuliaji wa kati. Nunueni winga wa kulia wa Majani Mabichi."

"Yupi?" Mzee Ambokile akauliza. "Wako watatu wanaopokezana."

Hilo Subilaga hakulijua. Kifungo hakina jina.

Mzee Ambokile alilijua. "Mnaniona nachora chokaa mkadhani natazama chini tu," akasema. "Mstari wa kati unafutika kabla ya mapumziko. Mstari wa kulia unabaki mweupe mpaka mwisho, maana hakuna anayegombania mpira kule. Lakini hatua mbili ndani ya mstari nyasi zimelala, zimelazwa na njumu za mtu mmoja. Ipyana. Wale wawili wengine wakikosa mpira wanasimama, mikono kiunoni. Yule mtoto wa watu anakimbia mechi nzima, anaomba, hapewi, anakimbia tena. Si mbaya, anakosa wa kumpa."

Ukutani bei ya Ipyana ilikuwa punje nne. Msimu uliopita hakufunga bao wala kutoa pasi hata moja ya bao. Walipomnunua, muuza nyama mmoja wa pale bandani alicheka mpaka akakohoa.

Mechi ya kwanza, Ipyana, sifuri. Ya pili, sifuri. Kocha mpya alikuwa ameshawaambia mpira uende kulia, lakini miguu ya watu ina mazoea yake, na kila walipobanwa walirudisha katikati. Ya tatu, ya nne, ya tano: sifuri, sifuri, sifuri.

Sheria iliruhusu kila karatasi kuuza mchezaji mmoja kwa msimu. Ukitaka kuuza, unaandika, unatia saini, unatumbukiza kwenye kopo la Mwasaga kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya Alhamisi.

"Labda kocha alikuwa anapiga porojo tu, apate koti zuri," Subilaga akasema, na moyo ulimuuma kusema hivyo, maana habari ile aliileta yeye.

"Na labda mimi nimezeeka macho," akasema Mzee Ambokile.

Lwitiko akasema, "Shimo la ndizi halifunuliwi kila siku kuchunguliwa. Ukilichungulia chungulia, hazitaiva vizuri."

"Huyu si ndizi, Lwitiko," Subilaga akamjibu. "Na wewe kungoja kwako kumekubebesha mabenchi mara tatu."

Akajua amemuumiza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wakatia saini wawili, yeye na mzee. Saini mbili zinatosha. Na kwa kuwa Lwitiko ndiye aliyepita bandani kila jioni akirudi na ndizi zake, wakampa yeye karatasi aende kuitumbukiza.

"Sawa," Lwitiko akasema.

Jumamosi ile, katika mvua, Majani Mabichi walitoa mpira kulia. Wakautoa tena. Ipyana akatoa pasi mbili za bao na la tatu akafunga mwenyewe. Subilaga alikimbilia ukutani kutazama hasara yao, akakuta jina la Ipyana bado liko kwenye karatasi ya ishirini.

"Lwitiko, ile karatasi?"

"Ililowa mvua, Mama Kissa. Ikachanika."

Wakacheka, wakaishukuru mvua, na hakuna aliyemshukuru Lwitiko.

Tangu hapo mambo yakawa mambo. Mwasaga alipanga bei upya kila mwezi: Ipyana akatoka punje nne akawa wa kumi na mbili, akawa wa ishirini na sita, ghali kuliko mshambuliaji yule wa kati, ambaye bei yake ilishuka kila mwezi huku waliomnunua wakishika tama. Mguu ni ule ule, mbio ni zile zile, kilichobadilika ni mtu aliyesema mpira uende wapi. Siku ya mwisho wa ligi Ipyana alitoa krosi moja, ikafungwa, na karatasi ya ishirini ikampita yule muuza nyama, aliyekuwa akiongoza, kwa pointi mbili.

Jumapili saa tisa na nusu alasiri banda lilijaa. Saa kumi kamili kulikuwa na mechi kubwa, na kabla yake mshindi alitakiwa kukaa. Mwasaga akapangusa kochi, akageuka, akawaona watatu wamesimama, na lile swali la siku ya mvua likamrudia.

"Haya," akasema. "Semeni wenyewe."

Subilaga hakungoja. "Bila mimi, tungemnunua mshambuliaji wa kati kama wengine wote, na leo tungekuwa tunashika tama nao. Nani mwingine hapa alijua mpira utahamia kulia?"

"Kulia, ndiyo, Mama Kissa," akasema Mzee Ambokile kwa upole. "Lakini kulia walikuwa watatu. Ungenunua mmoja wa wale wa mikono kiunoni. Aliyemjua Ipyana ni mimi, na nilimjua alipokuwa hana bei."

"Shikamoo mzee wangu," Subilaga akadakia, "lakini ulimjua misimu miwili, mbona hukumnunua? Mtu asiyepewa mpira hata ukimjua utamfanyia nini?"

Watu wakaguna, kila upande na mtu wake. Lwitiko akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ina madoa meusi ya utomvu wa ndizi, akampa Mwasaga.

Mwasaga akaisoma. "Tunamuuza Ipyana. Saini, Subilaga. Saini, Ambokile."

"Haikulowa," Lwitiko akasema. "Niliificha. Walikuwa sahihi kwenye mengi, lakini siku ile walikuwa wameogopa. Mimi nimebeba mabenchi miaka mitatu, sikuwa na cha kuogopa tena."

Subilaga alihisi uso unamwaka. Alikuwa na aibu, na alikuwa na hasira, na hakujua ipi ilitangulia. Alikuwa ameshaweka mkono mmoja juu ya mto wa kijani, na hakuuondoa.

"Basi ulituibia uamuzi wetu," akasema. "Nilikukabidhi saini yangu kwa kukuamini, ukanidanganya."

"Ndiyo, Mama Kissa. Nilikudanganya."

"Saini mbili ni sheria," sauti ikatoka nyuma. "Mvunja sheria hapewi kochi."

"Na aliyemuuza mchezaji apewe?" nyingine ikajibu.

Hapo mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa Ipyana mwenyewe, kandambili miguuni, kifundo kimoja kimefungwa bandeji. Hakuwa na desturi ya kuingia bandani. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa, hivyo akasimama mlangoni, kando ya kreti la soda la Subilaga.

"Samahanini wazee wangu, sitakaa sana," akasema. "Mimi kila Ijumaa nilikuwa napita hapa kutazama ukuta. Baada ya mechi ya tano nilikuwa nimeshafunga begi niende Mbeya kwa mjomba, niachane na mpira. Nikapita mara ya mwisho. Nikakuta jina langu bado liko kwenye karatasi ya ishirini. Nikasema, kumbe yuko mtu mmoja ambaye bado ananitegemea. Nikaenda kufungua begi. Nimekuja kumshukuru mtu huyo. Ni nani?"

Lwitiko alitazama sakafu. Mzee Ambokile alianza kuondoa chokaa kwenye kucha zake, ambazo hazikuwa na chokaa. Subilaga alimtazama kijana yule, akakumbuka kalamu aliyoishika Alhamisi ile, na machozi yakamjaa. Aliona kwamba kama saini yake ingefika koponi, kijana angekuwa Mbeya anabeba matofali. Lakini pia aliona kwamba bila vifungo vile mezani kwake jina la Ipyana lisingekuwa ukutani hata siku moja.

Saa kumi ikagonga. Mwasaga akawasha televisheni, maana mechi haimngoji mtu. Watatu wale na yule kijana walitazama dakika zote tisini wamesimama, mzee magoti yakimtetemeka, na kochi liko tupu katikati yao. Mechi ilipoisha, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuongea wa kwanza, kwa hiyo watu sitini wakatoka kimya kimya kwenye mvua.

Jumapili ijayo kuna mechi nyingine, na Mwasaga anataka jibu. Yuko aliyesikia, yuko aliyeona, yuko aliyengoja kwa kudanganya, na yuko yule aliyekimbia. Je, wewe ungemkalisha nani? Na kabla hujanijibu, niambie kwanza: Alhamisi ile, baada ya sifuri tano, wewe ungetia saini au usingetia?