Siwatu Pimbi na Sifa za Matope

Zamani, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na fagio zao za chelewa kama sisi, palikuwa na mji uitwao Mwambani. Mji huo ulikuwa na chemchemi moja tu. Wakubwa walikunywa hapo, wadogo walikunywa hapo, na ukiwahi asubuhi ungeweza kuhesabu kokoto za chini kwa macho.

Mkuu wa mji alikuwa Jumbe Mfaume, Kiboko. Alikuwa na nyumba kubwa yenye baraza pande zote. Lakini mwaka mmoja jua lilizidi, Jumbe akasema nyumba ina joto. Akachukua mto wake wa kulalia, akaenda chemchemini, akajitumbukiza. Chubwii.

Hakutoka tena.

Alilala mle, akala mle, akajigeuza mle. Na yale ambayo kila mtu huyafanya baada ya kula, aliyafanya mle mle. Baada ya siku kumi maji yakawa mazito kama uji wa ulezi, na rangi yake ya uji wa ulezi. Harufu ndiyo iliyokuwa tofauti.

Wa kwanza kwenda kusema alikuwa Kombo Digidigi, mpole wa wapole. Alivaa kanzu yake safi, akasimama ukingoni.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba."

"Jumbe wetu, tunaomba utuhurumie. Maji yamechafuka."

Jumbe akafumbua jicho moja. "Yamechafuliwa na nani?"

Kombo akatazama maji. Akatazama tumbo la Jumbe lililoelea juu ya maji. Akatazama tena maji. "Hatujui, Jumbe," akasema, "lakini yamechafuka."

Kwa maneno hayo akahukumiwa kumpigisha Jumbe mswaki siku saba. Meno ya Jumbe yalikuwa marefu kuliko miguu ya Kombo. Ilibidi aingie kinywani mzima mzima na ufagio mkononi, na kila Jumbe alipopiga mwayo, Kombo alisoma dua zote alizozijua na nyingine alizitunga papo hapo.

Siku ya nane pembe ikalia mjini, puuu. Ngwali Fisi, askari wa mji, akapita mtaa kwa mtaa na karatasi mkononi.

"Jumbe amesema ni marufuku kuyalalamikia maji. Anayetaka kuyazungumzia maji, ayasifu. Atakayekiuka, zamu ya mswaki ni yake."

Siwatu Pimbi alikuwa amekaa kizingitini kwake, anamkanda tumbo mwanawe kitindamimba, aliyekuwa akiharisha tangu juzi. Pimbi, kwa ambaye hajamwona, ni mnyama mdogo kama chungu cha mboga. Hana pembe, hana kwato za kutisha, na hata mkia hana wa kuonyesha. Alichokuwa nacho Siwatu ni mdomo.

"Bwana Ngwali," akaita, "hebu nirudilie hapo katikati."

"Anayetaka kuyazungumzia maji, ayasifu."

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha kusifu. Kuna mpaka?"

Ngwali akaigeuza karatasi, akaitazama na nyuma. "Mpaka haujaandikwa."

"Ahsante, bwana. Nilitaka kuwa na hakika."

Kesho yake Siwatu akatandika mkeka kando ya njia ya chemchemini. Akapanga mabakuli ya maji yale, akayafunika kwa leso kama anayeuza vitafunio. Akina mama waliokuwa wakienda kuteka wakasimama na ndoo zao kichwani. Siwatu akafunua bakuli la kwanza, akalinusa, macho akayafumba.

"Ndugu zangu, mimi nimetembea. Huko Ng'ambo maji yao, masikini, ni maji matupu. Unatazama unaona mpaka chini, hakuna kitu. Unameza, hukuti hata cha kutafuna. Watu wale wana shida. Sisi tuna Jumbe anayejitolea. Mji gani mwingine ambao mkuu wake huingia mwenyewe, mwili mzima, kuwakorogea watu wake kinywaji?"

Mke wa Ngiri akaziba mdomo kwa kanga, lakini pua ikamsaliti. Pfff.

"Tena ni bure," Siwatu akaendelea. "Na mama unapumzika kupika. Mwanangu siku ya nne leo hajagusa ugali. Anashiba maji ya Jumbe kwa mbele, anamshukuru Jumbe kwa nyuma, usiku na mchana, bila kuchoka."

Hapo ndoo ya kwanza ikaanguka, kwa maana aliyeibeba aliinama kwa kicheko. Ya pili ikafuata. Kwi kwi kwi, njia nzima.

Makungu Nyumbu ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa akisikiliza kwa makini, shingo ameinyoosha. "Kwa hiyo ni dawa?" akauliza. "Basi nipe mimi mabakuli mawili."

Kabla Siwatu hajamzuia, alikuwa ameshayameza. Akashukuru, akaenda zake kwa heshima, na hakuonekana hadi Jumapili.

Ngwali Fisi alisikia kelele, akaja mbio, rungu begani. "Kuna nini hapa?"

"Sifa," akasema Siwatu.

"Hebu zirudie nizisikie."

Akazirudia tangu mwanzo. Ngwali alikunja uso, akitafuta kosa. Neno baya halikuwamo hata moja. Siwatu alipofikia pale pa kukorogewa, kona ya mdomo wa Ngwali ikacheza. Alipofikia pale pa kushukuru kwa nyuma, kicheko kikamtoka, hii-hii-hii, na fisi akishaanza kucheka hajui breki iko wapi.

"Nakukamata," akasema huku anafuta machozi, "kwa kosa la... kosa la..."

"La kusifu?" Siwatu akamsaidia.

Ngwali akaondoka akiegemea miti.

Jioni hiyo Kombo Digidigi alikuja nyumbani kwa Siwatu, na hakukubali hata kukaa.

"Dada Siwatu, siku saba nimesimama juu ya ulimi wa yule bwana. Siku saba. Na wewe leo unatandika mkeka kumsifu. Amekupa nini?"

Maneno yale yalimchoma Siwatu, kwa kuwa Kombo alikuwa jirani yake tangu utoto. Angeweza kumweleza, lakini alijua jambo likielezwa sana hupoa. Akasema tu, "Kaka, kesho njoo usimame pale. Usinitazame mimi. Watazame wanaocheka, uone macho yao yanakwenda wapi."

Kombo akaja, kanuna. Siwatu akaanza kusifu. Watu wakacheka, na Kombo akayafuata macho yao. Hawakumtazama Siwatu. Wote, kila mmoja, waligeuza shingo kule chemchemini, kwenye lile tumbo lililoelea kama jahazi lililopinduka.

Kombo akakaa kitako chini. "Kumbe," akasema polepole. "Mdomo unasifu, na macho yanashitaki."

"Punguza sauti, kaka. Karatasi imetaja mdomo tu. Macho wameyasahau."

Baada ya wiki moja mji mzima ulikuwa unasifu. Walikuwapo waliosifu harufu, waliosifu rangi, waliomwombea Jumbe anenepe zaidi ili supu iwe nzito. Watoto walikuwa na wimbo wao wa kurukia kamba:

Jumbe wetu ni sukari,
ajikoroga kwa ari,
akigeuka, tayari,
sharubati iko mezani.

Wimbo ukamfikia Jumbe mwenyewe. Akaupenda sana. Akauliza nani aliyeanzisha sifa hizi, na Siwatu akaitwa.

Njiani Siwatu aliogopa, wala si kidogo. Mguu mmoja wa Jumbe ungetosha kumfanya yeye na wanawe wote kuwa mkeka. Akafika ukingoni, akashika adabu.

"Wewe ndiye unayenisifu?" Jumbe akanguruma.

"Ndiye mimi, Jumbe."

"Sema nisikie."

Akasema yote, hakuruka neno. Jumbe alisikiliza kichwa upande, akitabasamu. Nyuma yake Ngwali alikuwa ameuma kofia yake, mabega yanaruka.

"Na watu hucheka kwa nini?" akauliza Jumbe.

"Furaha, Jumbe. Inawazidi."

"Na huyu askari ana nini?"

"Amepaliwa, Jumbe."

Jumbe akaridhika. "Ijumaa ijayo Bibi Kazija Tembo, mkuu wa Ng'ambo, anakuja kunitembelea. Nataka umsomee sifa zangu zote, mbele ya mji. Ajue tunavyoishi."

"Nitamsomea, Jumbe," akasema Siwatu, na akakimbia nyumbani kabla uso wake haujamsaliti.

Ijumaa ikafika. Mikeka ikatandikwa, ngoma zikapigwa, ti-ti-ti-du. Bibi Kazija alikuja pole pole, mkubwa, mtulivu, kanga mbili mpya mabegani, akaketi ukingoni mkabala na Jumbe. Siwatu akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa ili aonekane.

Akasifu siku hiyo kama hajawahi kusifu. Alisifu ukarimu wa Jumbe wa kutowanyima watu chochote kitokacho mwilini mwake. Akasifu namna akina mama walivyosahau taabu ya kuchuja, maana hakuna chujio linalopitisha. Watu walijibana mbavu. Jumbe akawa anatikisa kichwa na kusema, "Kweli. Kweli kabisa."

Bibi Kazija hakucheka. Alishusha mkonga wake juu ya bakuli, akanusa kidogo, akaupandisha upesi. Akamtazama Siwatu kwa jicho moja dogo lililokuwa likimetameta, na Siwatu akajua kwamba mgeni ameelewa.

"Ni kweli," akasema Bibi Kazija kwa masikitiko. "Kwetu maji ni matupu. Tunaona hadi chini. Nina hamu sana ya kuonja haya. Lakini kwa desturi yetu mgeni hatangulii. Mwenyeji kwanza."

Jumbe akapiga kofi. "Niletewe kibuyu changu."

Kibuyu hicho kilikuwa na maji safi ya mvua, aliyokuwa akiwekewa yeye peke yake.

"Jumbe wangu," Siwatu akaingilia kwa upole, "mgeni atadhani unatunyima nafasi ya kukutunza. Kinywaji umekikoroga wewe, leo onja jasho lako." Akamnyooshea bakuli kubwa kuliko yote.

Jumbe akalitazama bakuli. Mara ngapi amesema kweli, kweli kabisa? Akafumba macho, akanywa.

Gruuu, likasema tumbo. Masikio yake madogo yakalala. Machozi mawili yakateremka mashavuni, na yalikuwa na safari ndefu.

"Ladha yake?" akauliza Bibi Kazija.

"Nzuri," akasema Jumbe kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

"Mwongezeni."

Siwatu akaleta la pili. Jumbe alipolisogeza midomoni, tope likapanda juu, likafura, likapasuka pwa. Chura mmoja akatoa kichwa, akapangusa macho.

"Shikamoo, Jumbe," akasema chura.

Wanangu, hapo mji ulikwisha. Ngwali alianguka chali na rungu lake. Ngiri walishikana mikono ili wasidondokee majini. Bibi Kazija aliinua mkonga akacheka paaa, ndege wakaruka kutoka kwenye miti. Kombo Digidigi alicheka mpaka akawa anaruka ruka mahali pamoja, hajui ateremkie wapi.

Jumbe akasimama, maji yanamchuruzika. "Mkamateni Pimbi huyu. Amenitukana."

Ngwali akajiinua kwa shida, akatoa karatasi na kalamu. "Sawa, Jumbe. Niandike tusi gani?"

"Kasema maji ni... kasema maji yana..."

"Kasema ni mazuri, Jumbe."

"Ndiyo. Lakini anamaanisha..."

"Anamaanisha nini? Niandike maji ni mabaya? Nani aliyesema? Niandike Jumbe ndiye aliyesema?" Kalamu ya Ngwali ikangoja juu ya karatasi.

Jumbe akaitazama kalamu. Ikiwa Siwatu ana kosa, basi maji ni matope, na yeye Jumbe ndiye mwenye kulisema hilo, mbele ya mgeni, mbele ya watu wote. Na ikiwa maji si matope, basi bakuli la tatu linamngoja. Akawatazama watu. Aliwazoea wakimtazama kwa hofu, na sasa akatafuta ile hofu uso kwa uso, asiione hata kwa Digidigi.

Siwatu alikuwa ameikazia macho miguu ya Jumbe. Alijua kiboko aliyebanwa pasipo njia ya kutokea hukanyaga. Akashuka kwenye kinu, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jumbe, sisi tumeshashiba wema wako, tunaona haya kuula peke yetu. Kuna bwawa kule bondeni, hakuna mtu anayekunywa hapo. Masikini, maji yake hayana ladha hata moja. Linahitaji mtu kama wewe."

Jumbe akatazama kule bondeni. Kisha akakohoa, akajikusanya, akauchukua mto wake uliolowa.

"Nilikuwa ninalifikiria jambo hilo hilo," akasema. "Mkuu hawezi kupendelea upande mmoja."

Akatoka. Watu wakamsindikiza hadi bondeni kwa ngoma na wimbo, na hakuna aliyemkosea heshima hata kidogo. Ile karatasi ya marufuku Ngwali aliifungia tumbaku.

Siku ya nne kokoto zilianza kuonekana. Siwatu akateka kikombe kimoja, akampelekea kitindamimba wake, akamshikia mpaka tone la mwisho. Mtoto akajilamba, akaomba tena. Mama akacheka, safari hii pasipo kumcheka mtu.

Nami nimefika nilikokuwa nakwenda, na la kubeba ni hili: mwenye nguvu akikataza watu kulalamika, kicheko hupita pale pale na kumwambia kosa lake.