Fisi Asiyelala

Mvua ilipowapita wanyama wa bondeni misimu miwili, walibaki na kisima kimoja. Maji yake yalichuruzika kidogo kidogo, na kisima kilijaa mchana tu, wanyama wote wakiwa wamelala na hakuna wa kukisumbua. Aliyeyahitaji kuliko wengine alikuwa Swala. Alikuwa amejifungua karibuni, na maziwa yalianza kumkauka.

Simba akauliza nani atalinda kisima. Fisi akajitokeza mbele.

"Mzee Simba, mimi silali. Hata maana ya kulala siijui. Hebu nielezeni, ni nini?"

Simba alisema kulala ni heshima ya mfalme. Kobe alisema ni kwenda mbali bila kuchoka miguu. Swala, aliyekesha na mtoto, alisema kwake ni kitu alichowahi kukisikia. Fisi akawacheka, akasema kulala ni kazi ya wavivu. Akapewa ulinzi.

Walipoamka, kisima kilikuwa kikavu. Swala alilamba tope, akamtazama mwanawe.

Fisi alikuwa akifikicha macho. "Poleni, jamani. Leo usingizi umenishinda. Nimelala fofofo, mwizi sikumwona."

Simba alianza kumhurumia. Sungura akasema basi Fisi naye afanyiwe kama wenzake. Huko bondeni aliyeamka hajipangusi vumbi mwenyewe. Jirani humpangusa ubavu aliolalia, huku akimuuliza, "Umelalaje?" Fisi, kwa kujisifu kwake kila siku, hakuwahi kupanguswa.

"Umelalia ubavu gani, kaka?" Sungura akauliza.

"Wa kulia."

Sungura akapangusa. Vumbi halikutoka.

"Nilisahau. Wa kushoto."

Huko nako kulikuwa safi. Ila kidevu kilijaa tope bichi, na tumbo lilicheza kama kibuyu cha maji.

"Pole kwa uchovu, kaka," Sungura akasema. "Kumbe umelalia mdomo."

Simba hakunguruma. Alisema ni makosa kupoteza kipaji cha mtu asiyelala. Fisi akaamriwa achimbe kisima cha pili wenzake wakiwa wamelala, na Swala awe wa kwanza kunywa. Maji yalipotoka, Swala alikunywa, akanyonyesha, kisha akalala hapo hapo, mtoto kifuani.

Tangu siku hiyo wanyama hawaachi kuulizana kila waamkapo, "Umelalaje?" Fisi hupita katikati yao polepole, amejipaka vumbi ubavu mmoja, akingoja kuulizwa. Hakuna anayemuuliza.