Picha ya Mbele ya Jeneza

Mama Eliaichi, anayenisuka nywele, ndiye aliyenisimulia jambo hili kwanza. Alilisimulia polepole, mikono yake ikiwa kichwani mwangu, nami sikuweza kugeuka kumtazama usoni. Nawaomba nanyi, akina mama wenzangu, mnisikilize vivyo hivyo, bila kunitazama sana.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, ambaye miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu na kushona kwa cherehani ya mkono. Alikuwa na maneno. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, alimjibu, "Gauni liko vilevile, dada. Wewe ndiye umetoka harusini."

Siku moja alikuja mpiga picha wa shirika fulani la misaada. Fundi alikuwa amepewa taarifa, hivyo alivaa gauni lake la bluu lenye ukosi mweupe, alilojishonea mwenyewe, akasogea mezani penye cherehani yake. Mpiga picha akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama, naomba ushuke chini. Pale nje, penye vumbi."

"Chini nikafanye nini? Cherehani iko mezani."

"Wafadhili wakiona cherehani watasema huyu hana shida."

"Shida ninayo. Watu wananiletea kitambaa leo, gauni wanalitaka jana."

Mpiga picha hakucheka. Alimweleza kwamba picha ile ingewekwa kwenye kalenda, na kalenda ingewapatia watoto viti vya magurudumu. Fundi akakumbuka alivyokuwa akibebwa mgongoni kama gunia hata alipokuwa msichana mkubwa. Akakubali, kwa sharti moja.

"Ukimaliza, unipige nikiwa kwenye kiti changu. Hiyo iwe yangu. Sina picha hata moja."

"Nitakupiga, mama."

Akashushwa. Gauni la bluu likafunikwa kwa kanga iliyochakaa. Mpiga picha akasimama juu yake, akamwambia, "Nitazame. Usitabasamu." Akapiga. Kisha dereva akapiga honi, maana mvua ilikuwa inakuja na barabara ya kule huteleza. "Nitarudi," akasema yule mpiga picha. Mnadhani alirudi?

Kalenda ilipofika, majirani walimpelekea wakifurahi. "Mwenzetu, umetoka kwenye kalenda." Akaitazama, akawarudishia. "Huyo aliyetoka simjui. Mkimwona, mwambieni aje achukue kanga yake."

Mwaka haukuisha, fundi akaugua kifua, akafa.

Kwetu mnajua desturi. Picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, ikiwa ndani ya fremu, imebebwa na binti wa ukoo. Jeneza lisilo na picha huonekana kama la mtu asiyekuwa na watu. Basi ndugu wakaanza kutafuta. Albamu zikatolewa makabatini, simu zikapekuliwa. Harusi ya kaka yake, hayumo. Kipaimara cha mpwa wake, hayumo. Harusi ya mpwa huyo huyo, ambayo magauni yote ya wasimamizi aliyashona yeye, hayumo. Kwenye picha moja tu walikuta gurudumu la kiti chake pembeni, na kiganja chake kimeshika pochi ya bibi harusi.

Alikuwa wapi? Alikuwepo siku zote. Lakini picha za familia hupigwa kwenye ngazi za kanisa, na kiti hakipandi ngazi. Kila mara mtu alimwambia, "Shika pochi kidogo, tukishuka tutapiga na wewe." Wakishuka, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Ikabaki kalenda. Wakaikata, wakabakiza uso peke yake, ukakuzwa na kutiwa kwenye fremu. Lakini uso ule ulikuwa umepigwa kutoka juu. Hata bila vumbi na bila kanga, macho yalikuwa bado yanatazama juu, kama ya mtu anayeomba. Ukatangulia hivyo mbele ya jeneza, na nyuma yake wakafuata wanawake waliovaa magauni aliyowashonea. Mgeni mmoja wa upande wa wakwe wa kaka yake akamnong'oneza mwenzake, "Marehemu alikuwa ombaomba?"

Kaka yake alisikia. Jioni, watu wakiwa wamekaa matangani, akasema kwa uchungu, "Yule mpiga picha ametudhalilishia dada yetu."

Mama yao mzee akamjibu, "Yule alikuja mara moja, baba. Na angalau yeye alipiga."

Ndugu zangu, sisi tunajibu nini hapo? Tunawalaumu wenye kamera, na ni haki tuwalaumu, kwa sababu wanamshusha mtu chini ili aonewe huruma. Lakini sisi tunaokaa naye tumemwacha chini ya ngazi, mikono yake imejaa pochi zetu. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema, leo sote tushuke, picha ipigwe hapa chini? Kila Jumapili tunakiri kwamba Mungu amemwumba kila mtu kwa mfano wake. Sasa tunaogopa nini mfano huo ukionekana kwenye magurudumu? Mtu tusiyempiga picha akiwa kazini, akiwa anacheka, akiwa katikati yetu, tunamwachia mgeni aamue sura yake. Na siku tutakapotaka kumwuliza alipenda aonekane vipi, hatakuwa na kinywa cha kutujibu.

Mama Eliaichi alipomaliza kusimulia, nywele zilikuwa bado nusu. Akamalizia kunisuka.

Asubuhi yake nilimwogesha binti yangu, ambaye mnajua kwamba huvaa vyuma miguuni, nikamvika gauni fupi alilolichagua mwenyewe. Tukaenda studio ya picha kule sokoni. Mpiga picha aliitazama miguu yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimpige kuanzia kiunoni kwenda juu, mama?"

Nikamtazama mtoto.

"Na viatu vyangu," akasema. "Ni vipya."

Nikamwambia mpiga picha arudi nyuma, na arudi tena, mpaka viatu vionekane.